Shajara ya leso za nyanya: kuutafuta wekundu wa kisutu

Siku ya 1

Nyanya amefungua kasha. Mna doti 43 za leso, yaani kanga, nyingine hazijakatwa tangu zinunuliwe, vipande viwili bado vimeshikana kama vilivyotoka dukani. Anataka kuzigawa, ila kwanza zipigwe picha, kila moja ikunjuliwe ionekane pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), ili wajukuu walio mbali na Mombasa wachague wakiwa huko huko. Sharti lake ni moja: "Rangi iwe ile ile. Usinipambie."

Nikamwahidi siku mbili. Nina kamera ya mtumba, lenzi ya 50 mm, tripodi iliyofungwa mpira wa baiskeli mguu mmoja, na kompyuta yenye RawTherapee, programu ya bure ya kusafishia picha. Nikapiga doti 6 sebuleni, kamera ikijiamulia kila kitu.

Jioni nikamwonyesha kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa kisutu chake cha harusi, kile chekundu chenye weusi na weupe. Akaiweka simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akanirudishia.

"Hii tungule ya kopo. Kisutu changu hiki hapa."

Nikakiangalia kisutu mapajani mwake, nikaangalia simu. Kweli. Kwenye simu wekundu ni bapa moja tupu, halina uzi wala kivuli cha mkunjo, na weupe umeingia ubuluu wa kijani kama maji ya kidimbwi. Makosa mawili, na usiku huu sijui kama yana baba mmoja au kila moja lina wake.

Siku ya 2

Nimeanza na histogramu, kile kichuguu cha mistari kinachotokea nyuma ya kamera ukibonyeza kitufe cha maelezo. Miaka yote nimekiona na nikakipita.

Nilivyokielewa mimi, ni sensa ya pikseli, vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Picha ya kawaida hugawa mwangaza katika ngazi 256, kuanzia 0 ambayo ni giza tupu hadi 255 ambayo ni mwanga wa mwisho. Karani anapita kwa kila pikseli, anauliza "wewe uko ngazi ya ngapi?", anaandika. Mwisho anachora: kushoto walio gizani, kulia walio mwangani, na mlima ukiwa mrefu mahali fulani maana yake wenye ngazi hiyo ni wengi. Kama sensa yoyote, inakwambia wazee ni wangapi na watoto ni wangapi, haikwambii nani anakaa nyumba ipi. Picha ya leso na ya leso hiyo hiyo iliyokatwa vipande na kuchanganywa zina histogramu moja.

Jambo la pili: kuta. Pikseli iliyopata mwanga kupita 255 haiandikwi 270 wala 300, inaandikwa 255 pamoja na wenzake wote waliozidi. Ndiyo maana ukiona mlima umebanwa kwenye ukuta wa kulia, wapo wasiojulikana tena nani alikuwa na kiasi gani. Mafundi wa picha husema hapo picha "imeungua". Nyuzi za leso huishi kwenye tofauti ndogo ndogo za ngazi, na ngazi zikishakuwa moja, hakuna uzi.

Basi nikafungua histogramu ya kisutu nikitarajia kuuona mlima umekumbatia ukuta. Haukuwa hapo. Milima mitatu imetulia: mmoja kushoto, ule wa weusi, mmoja kulia lakini mbali na ukuta, ule wa weupe, na mkubwa katikati kidogo kuelekea kushoto. Kwa kipimo hiki picha haina kosa. Nyanya anasema ina kosa, na jicho langu linasema nyanya ana haki.

Siku ya 3

Nimempata mwongo. Au tuseme hakuwa mwongo, aliulizwa swali lisilofaa.

Histogramu niliyoangalia jana ni ya mwangaza kwa jumla. Kamera inachukua nyekundu, kijani na buluu za pikseli, inazichanganya kuwa namba moja, halafu inahesabu namba hiyo. Na haizichanganyi sawa kwa sawa. Uzani unaotumika sana, uliorithiwa kutoka televisheni, huipa nyekundu 0.299, kijani 0.587 na buluu 0.114, kwa sababu jicho la mwanadamu huona kijani kuwa chenye mwanga zaidi na buluu kuwa hafifu.

Sasa chukua pikseli ya kisutu. Nyekundu 255, imeungua kabisa. Kijani 30, buluu 30. Nikaingia kwenye kikokotoo cha simu:

255 × 0.299 = 76.2
30 × 0.587 = 17.6
30 × 0.114 = 3.4

Jumla 97. Tisini na saba! Pikseli ambayo nyekundu yake imekwisha kugonga ukuta inaandikwa ngazi ya 97, chini ya katikati, kama mtu mwenye afya njema. Huo ndio ule mlima mkubwa niliousifu jana. Ulikuwa maiti.

Nikabadilisha mpangilio wa kamera ionyeshe mikondo mitatu, kila rangi na kichuguu chake. Mkondo mwekundu ulikuwa umesimama ukutani kama watu waliobanwa mlangoni mwa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni.

Na hapo nikaelewa jambo la kisutu peke yake, ambalo ninaliandika nisilisahau. Leso hii ina rangi tatu, lakini katika mkondo mwekundu huwezi kuona milima mitatu. Utaona miwili: weusi kushoto, halafu wekundu na weupe wamekaa pamoja kulia, kwa kuwa vyote viwili vinarudisha nyekundu kwa wingi. Katika kijani na buluu ni miwili vilevile, ila ndoa imebadilika: wekundu umekwenda kukaa na weusi kushoto, weupe umebaki peke yake kulia. Kwa hiyo ule ushauri wa kwamba histogramu nzuri ni mlima mmoja wa mviringo katikati, kisutu hakiujui. Histogramu nzuri ni ile inayofanana na kitu kilicho mbele yako.

Nimepunguza mwanga theluthi mbili za stopu (kushusha stopu moja ni kukata mwanga nusu). Wekundu umetoka ukutani, uzi umerudi. Weupe bado wa kidimbwi. Kwa hiyo yalikuwa makosa mawili kweli.

Siku ya 5

Leo ni weupe.

Jaribio: kisutu dirishani, kamera kwenye mizani ya weupe (marekebisho ya kufanya kitu cheupe kitoke cheupe) ya kujiamulia. Weupe unatoka na ubuluu wa kijani. Bila kusogeza chochote nikaondoa kisutu, nikatundika leso ya samawati yenye jina "Wema hauozi". Weupe wa herufi ukatoka wa manjano, kama karatasi ya kitabu cha zamani. Dirisha lile lile, saa ile ile, tofauti ni dakika mbili.

Kamera haijui nyeupe ni nini, inakisia. Kanuni ya kale ya kukisia inasema kwamba ukichanganya rangi zote za mandhari yoyote utapata kijivu. Kwa picha ya mtaa, yenye anga, ukuta, watu na miti, hilo hukaribia ukweli. Kamera za siku hizi zina ujanja zaidi ya huo, lakini ukiijaza fremu kitambaa chekundu pembe hadi pembe, bado inashawishika kuwa taa ndiyo nyekundu, inapunguza nyekundu, na weupe unaumia. Ukiijaza samawati, inaongeza manjano. Kila leso ilikuwa inajichagulia mizani yake yenyewe. Doti 43, mizani 43.

Nikaingia kwenye Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, kifupi chake K. Mshumaa ni kama 1,900 K, balbu ya zamani ya waya karibu 2,700, jua la mchana 5,200 hadi 5,500, kivuli kilicho chini ya anga la buluu 7,000 na zaidi. Kinachowachanganya watu (mimi wa kwanza) ni kwamba namba kubwa ndiyo rangi tunayoiita ya baridi. Aliyewahi kukaa karibu na mhunzi hatapata shida: chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha chungwa, kikizidi tena huelekea nyeupe. Nyekundu ndiyo yenye moto mdogo. Kwenye programu mambo yanageuka tena, kwa sababu ukisogeza kitelezi hadi 8,000 huiambii picha iwe ya buluu, unaiambia programu "mwanga ulikuwa wa buluu, nirekebishie", nayo inaongeza manjano.

Nimeweka 5,300 kwa mkono na kuifunga hapo. Sasa leso zote zina kosa moja linalofanana. Ni maendeleo, ingawa nyanya hataona hivyo.

Siku ya 6

Kosa linatoka wapi? Nimechungulia dirishani nikacheka. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, kichochoro ni cha upana wa mikono miwili, na ukuta wa jirani upande wa pili umepakwa kijani cha pistachio. Jua halifiki dirishani petu hata siku moja. Linapiga ukuta wa jirani, ndipo linapoingia kwetu. Nimekuwa nikipiga picha za leso kwa taa ya kijani ya futi 20.

Kelvin peke yake haiwezi kutibu hili. Ngazi ya Kelvin inakwenda kati ya chungwa na buluu tu. Kijani na waridi wana kitelezi chao, programu hukiita tinti. Mwanga wa anga na wa balbu ya waya hukaa karibu na ngazi ile. Mwanga uliopita kwa jirani, au uliotoka kwenye taa ya tyubu, hukaa kando yake.

Nikaamua nisikisie tena, nibonyeze tu kidude cha mizani kwenye kitu ninachojua ni cheupe, programu ijipime yenyewe. Nikachukua shuka ya nyanya, nyeupe pepe. Nikaiweka pembeni ya kisutu, nikapiga, nikabonyeza. Picha nzima ikawa ya manjano kama imechovywa kwenye mchuzi.

"Nyanya, shuka hii waifuliaje?"

"Kwa sabuni, halafu nili."

Nili! Weupe wa shuka za nyanya ni buluu iliyopimwa kwa kijiko. Kitambaa cha pamba kikizeeka huvuta umanjano, nili inaufunika, jicho linasema safi. Kamera inapima, inaona buluu imezidi, inadhani ni kosa la mwanga, inaitoa. Na hata aliyeachana na nili hajapona, kwa kuwa sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha inayomeza mionzi ya urujuani isiyoonekana na kuitema kama mwanga wa buluu. Karatasi za A4 zina dawa hiyo hiyo. Nililijaribu hilo pia: karatasi moja dirishani na chini ya taa ya LED usiku. Dirishani mionzi ile ipo, karatasi inang'aa ubuluu. Chini ya LED hakuna, karatasi imetulia. Ushauri wa "tumia karatasi nyeupe" nimeusikia kwa mafundi wengi wa picha za harusi, na sasa najua kwa nini mabibi harusi wao wana rangi ya ndizi mbivu.

Siku ya 7

Nimehamia darini, kwenye sakafu ya juu wanakoanika nguo, nikimkimbia jirani na ukuta wake. Jua lilikuwa kali, nikatafuta kivuli. Kivuli nilichopata ni turubai la buluu.

Sitaandika zaidi.

Siku ya 8

Kadi ya kijivu inayouzwa kwa kazi hii inaakisi asilimia 18 ya mwanga, na kwenye picha iliyokaa sawa huangukia karibu na ngazi ya 118. Sina kadi. Nina utepe mweupe wa mafundi bomba, ule wanaouzungusha kwenye nyuzi za koki maji yasivuje. Huo ni PTFE, plastiki ile ile ya ndani ya kikaango kisichogandisha, na vigae vya maabara vya kupimia weupe hutengenezwa kwa PTFE iliyoshindiliwa, kwa sababu hurudisha rangi zote kwa kiasi kinacholingana na haina dawa ya kung'arisha. Tabaka moja linaonyesha cha chini yake. Nikazungusha kipande cha ubao mara kama 30 hadi ubao ukapotea.

Tahadhari moja niliyojifunza kwa kukosea: ukibonyeza mizani kwenye utepe ulioungua, unapata upuuzi. Mikondo yote mitatu imesimama 255, programu inaona ni sawa, inasema hapana la kurekebisha. Utepe lazima uwe na nafasi kulia kwake. Ndiyo faida ya kijivu juu ya nyeupe, na mimi naifidia kwa kupiga fremu moja ya utepe yenye mwanga nusu, halafu naondoa ubao na kupiga leso.

Darini, kivuli cha ukuta wetu wenyewe uliopakwa chokaa, saa nne asubuhi. Faili ghafi, yaani namba za kamera kabla hazijageuzwa kuwa picha, inasema hivi kwenye utepe, baada ya kutoa kiwango cha weusi: nyekundu 1,800, kijani 3,600, buluu 2,400.

Nimezikodolea macho namba hizi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kitu cheupe, chini ya mwanga wa mchana, na kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kinakiona cha kijani! Si kosa. Vichujio vilivyo juu ya kihisi hupitisha kijani kwa wingi, na si hilo tu, vyenyewe ni vingi. Mpangilio wake ni wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza yake 1976: katika kila vidoa vinne, viwili ni vya kijani, kimoja nyekundu, kimoja buluu. Idadi hiyo haifanyi kijani kiwe na namba kubwa, kila kidoa kinahesabiwa peke yake, lakini inaonyesha kamera ilimpa nani heshima.

Basi mizani ya weupe, ukiivua mapambo yote, ni kuzidisha. Nyekundu mara 2, kijani mara 1, buluu mara 1.5, na wote watatu wanafika 3,600. Nyeupe. Namba hizo tatu zikizidishwa kwa kila pikseli ya kisutu, kisutu nacho kinanyooka. Sikuamini ni hivyo tu hadi nilipofanya kwa mkono kwenye pikseli tano.

Pia ndiyo maana picha za usiku chini ya balbu ya waya huwa na chenga kwenye buluu. Balbu hiyo ina buluu kidogo mno, kizidisho chake kinapanda karibu na 3, na kila chenga ya kihisi inazidishwa pamoja nayo.

Weupe wa kisutu leo ni mweupe. Nyanya amepita akatazama kioo cha kompyuta, akasema "mm", akaenda zake. Naihesabu.

Siku ya 10

Hili ndilo lililonipotezea siku mbili.

Tangu siku ya 3 nimekuwa nikipunguza mwanga hadi mkondo mwekundu nyuma ya kamera utoke ukutani. Kwa kisutu darini nililazimika kushusha zaidi ya stopu nzima. Wekundu mzima, lakini weusi wa pindo ukajaa chenga, kama umepuliziwa vumbi. Nikalaumu kamera kwa uzee wake.

Kisha nikakumbuka zile namba za utepe. Nyekundu inazidishwa kwa 2. Inazidishwa lini? Kihisi chenyewe hakizidishi chochote. Kuzidisha hufanyika baadaye, wakati faili ghafi inapogeuzwa kuwa picha. Na kile kichuguu nyuma ya kamera, hata ukipiga faili ghafi tupu, huchorwa kutokana na JPEG ndogo (picha iliyokwisha kupikwa) ambayo kamera huitengeneza ndani kwa ajili ya kukuonyesha. JPEG hiyo imekwisha kuzidishwa, imekwisha kukolezwa rangi na kupewa mkunjo wa mwangaza.

Nikafungua picha ya siku ya 1, ile ya tungule ya kopo, nikabonyeza kitufe cha histogramu ghafi cha RawTherapee. Faili ya biti 14 ina ngazi 16,384. Mkondo mwekundu wa kisutu ulikuwa umefika kama nusu ya njia. Nusu! Hakuna kilichoungua siku ile, ndani ya kihisi. Kiliungua jikoni, wakati wa kupikwa.

Kwa hiyo histogramu ya kwanza ilisema picha ni nzima kumbe imeungua, na ya pili ikasema imeungua kumbe faili ni nzima. Zote zilihesabu sawasawa. Kila moja ilihesabu watu wa mji mwingine.

Nimepiga upya visutu vyote vitatu kwa kiwango cha mwanga cha siku ya 1, kisha kwenye programu nikashusha mwangaza kabla ya ule mkunjo wa mwangaza. Wekundu una uzi, weusi hauna vumbi. Ninachoangalia sasa nyuma ya kamera ni kitu kimoja: kijani kisiguse ukuta. Kijani ndicho kinachojaa kwanza kwenye faili ghafi ya mwanga wa mchana kwa kitu cheupe, na leso karibu zote zina weupe mahali.

Upo ujanja wa kuidanganya kamera kwa kuipa mizani ambayo vizidisho vyote ni kama 1, ili kichuguu chake kifanane na faili ghafi. Niliujaribu nusu siku. Unafanya kazi, lakini kila picha kwenye kioo inakuwa ya kijani kama kisamvu, na nyanya aliponiona nikizipitia akauliza kama zimeoza. Nimeuacha. Anayepiga ndege au mechi huenda unamfaa, leso haikimbii.

Siku ya 11

Mvua. Nimerudi sebuleni na taa ya tyubu, pazia limefungwa. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/400 ya sekunde, fremu kumi mfululizo, na hakuna mbili zenye rangi moja. Nyingine zina mistari ya umanjano upande. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, taa ya tyubu ya zamani inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka inadaka kipande tu cha mzunguko. Nimeshuka 1/50, ikatulia. Rangi yenyewe hata hivyo ni mbovu: utepe ni mweupe, kisutu kimekufa. Taa ile haina nyekundu ya kutosha, na kuzidisha hakuwezi kuleta kisichokuwapo. Nimezima taa, nikasubiri mvua ikatike.

Siku ya 13

Doti 31 tayari. Kinachobaki kuandika ni kutoa picha za kutuma.

Wajukuu watatazama kwenye simu, kwa hiyo natoa kwa sRGB, nafasi ya rangi (mipaka ya rangi ambazo picha inaweza kuandika) ya 1996 ambayo karibu kila kioo kinaielewa. Wekundu wa kisutu kipya ambacho hakijafuliwa hauenei ndani yake. Nimeligundua upande nisioutarajia, ukuta wa kushoto: nyekundu iko 240, salama, lakini kijani na buluu vimelala kwenye 0. Hiyo nayo ni kuungua, kwa namna yake. Programu ilitaka kuandika namba iliyo chini ya sifuri kueleza wekundu ule, ikakosa pa kuiweka. Muda wote huu nilikuwa mlinzi wa mlango mmoja.

Nimepunguza ukolezi wa nyekundu kidogo kidogo hadi kijani kikapanda kufika 8 au 10 kwenye mikunjo. Ni kupunguza ukweli, najua. Nimechagua uzi uonekane kuliko rangi iwe kali. Faili ghafi ninazo, siku vioo vya simu vikipanuka nitazitoa upya.

Siku ya 15

Nyanya ameketi na kisutu mapajani, simu mkononi, dirisha nyuma yake. Ameangalia pindo, amesoma jina kwa sauti, amekikunja kisutu na kukiweka juu ya simu, akakitoa.

"Hiki."

Nikamwambia aitazame tena usiku chini ya balbu, itaonekana tofauti. Akasema na kisutu pia usiku huonekana tofauti.

Siku ya 17

Doti 42. Imebaki moja, ya zambarau, mji wake umejaa korosho, na imenishinda.

Utepe ni mweupe sawasawa. Histogramu ghafi ni safi, kushoto na kulia. Kuta hazijaguswa kwenye mkondo wowote. Na leso inatoka buluu. Si zambarau iliyopotoka, ni buluu, kama sare ya shule. Nimeipiga darini asubuhi, darini mchana, chini ya mawingu. Buluu.

Sababu nadhani nimeipata, dawa bado. Vichujio vya kamera havioni kama macho yaonavyo. Baadhi ya rangi za zambarau hurudisha buluu, halafu hurudisha tena mwanga mwingi mwisho kabisa wa nyekundu, pale ambapo jicho bado linapokea kidogo lakini kioo kinachozuia mionzi ya joto mbele ya kihisi kimekwisha kuukata. Kihisi kinapewa buluu bila mwenzake. Kuzidisha mkondo mwekundu mzima kutanirudishia zambarau na kuharibu utepe, na herufi za jina ni nyeupe, zitakuwa za waridi.

Kuna kadi ya rangi 24, ile iliyobuniwa 1976, mwaka wa hataza ya Bayer. Ukiipiga pamoja na leso, programu inaweza kujitengenezea jedwali la kunyoosha rangi moja moja badala ya kuzidisha mikondo mizima. Hata hiyo haiahidi zambarau, lakini ni hatua ya kujaribu. Binamu yangu anasema mpiga picha mmoja mtaani kwao anayo, ataiazima Jumamosi.

Nyanya ameniuliza iko wapi ile ya korosho. Nimemwambia inasubiri kadi. Nimeirudisha kwenye mfuko wake na kubandika kipande cha utepe wa mafundi bomba, nikaandika juu yake kwa kalamu: bado. Wino haukushika. Nimeandika kwenye karatasi.